MOTO WA CHINI KWA CHINI
Namna ya kulinda viungo vya mwili ili tuzeeke tukiwa na nguvu



Kasiterite ilipovumbuliwa Bisie, katika msitu wa Walikale, mwaka 2002, hapakuwa na barabara. Kila kilo ilitoka mgodini juu ya mgongo wa mtu. Wabebaji walitwika mifuko ya kilo 50, wakapita matope na mizizi mpaka Njingala. Toka kule mzigo ulifika Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami kuja kuuchukua. Mwaka 2019 kazi ya mitambo ilianza kutoa bati pale Bisie, na barabara ikafika. Lakini kijana aliyebeba mfuko akiwa na miaka 20 sasa amepita miaka 40, na magoti yake hayajasahau. Kule Masisi, kwenye vilima vya koltani vya Rubaya, ni vilevile: nyundo, baramini, sepetu, na kuinama kutwa.

Wengi wetu husema: «Ni uzee tu.» Si uzee peke yake. Kuna adui mwingine ambaye tunaweza kumpunguza nguvu.

MOTO WA AINA MBILI

Jiwe likikuponda kidole, kidole huvimba, huwa chekundu, huwa cha moto na huuma. Huo ni uvimbe mzuri. Damu inapeleka askari wake mahali palipoumia ili waue wadudu na kutengeneza nyama. Baada ya siku chache kazi imekwisha na askari wanarudi kambini.

Uvimbe wa pili hauonekani. Askari hawarudi kambini. Wanabaki miezi na miaka, wakichoma kidogo kidogo mishipa ya damu, viungo, mapafu na figo, kama moto wa makaa chini ya majivu. Mwaka 2000 mtaalamu wa Italia, Claudio Franceschi, alionyesha kwamba moto huu huongezeka kadiri mtu anavyozeeka, na kwamba unakwenda pamoja na magonjwa ya wazee: moyo, sukari, viungo na kupungua kwa nguvu. Hospitali kubwa huweza kuupima katika damu. Sisi tunaweza kuupunguza nyumbani na kazini.

NANI ANAUCHOCHEA MOTO?

Vumbi la mawe. Chembe ndogo sana za mawe magumu huingia mpaka ndani ya mapafu. Askari wa mwili huzimeza, lakini hawawezi kuzivunja. Wao ndio hufa, na mahali pao pabaki kovu. Vumbi hili hufungulia mlango kifua kikuu. Tena halidhuru mapafu tu. Mwaka 1953 daktari Anthony Caplan, aliyepima wachimbaji wa makaa ya mawe kule Wales, Uingereza, aliona alama za pekee katika mapafu ya wale waliokuwa na ugonjwa wa viungo kuvimba. Kwa hiyo mwagia mwamba maji kabla ya kutoboa, na vaa kinga ya pua na mdomo iliyotengenezwa kwa vumbi la mawe. Kitambaa cha kawaida hakizuii chembe zile ndogo. Usipeleke nguo za kazi nyumbani bila kufuliwa: watoto watavuta vumbi lako.

Moshi. Tumbaku ni adui wa kwanza. Lakini tusimsahau mama anayepika kwa kuni ndani ya nyumba iliyofungwa kwa sababu ya baridi ya Masisi. Mapafu yake yanachomwa kama ya mchimbaji. Kauka kuni vizuri, fungua tundu la kutokea moshi, weka jiko mahali penye hewa, na mtoto mchanga asikae mgongoni mwa mama karibu na moto.

Pombe kali na sukari. Pombe nyingi huchoma ini na huleta ugonjwa wa dole gumba la mguu linalowaka moto usiku. Soda na chai yenye vijiko vingi vya sukari huongeza mafuta ya tumbo, na mafuta ya tumbo yenyewe hutoa sumu za kuchochea moto.

Kukosa usingizi. Anayefanya zamu ya usiku alale mchana mahali penye giza na kimya, saa saba au nane. Jamaa wamsaidie: redio chini, watoto wacheze mbali.

SAHANI YA KUZIMA MOTO

Hatuhitaji dawa ya kutoka mbali. Masisi ina maharagi, karoti, kabichi na maziwa. Walikale ina sombe, ndizi, mapapai na samaki wa mito. Lenga-lenga na avoka hupatikana sokoni.

1. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda. Shirika la Afya Duniani linaomba kila mtu mzima ale gramu 400 kwa siku. Sombe ipondwe na kuchemshwa muda mrefu, maana mbichi ina sumu.
2. Maharagi kila siku ikiwezekana. Nyuzi zake hulisha wadudu wema wa tumboni, nao husaidia kutuliza moto.
3. Samaki mara mbili kwa juma. Sambaza wa ziwa Kivu huliwa mzima na mifupa yake, na mafuta yake ni mema.
4. Mawese mekundu yana vitamini ya macho, lakini ukiyachoma mpaka yageuke meupe, wema ule unakwisha. Tumia kidogo, usiyachome.
5. Chumvi isipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai kwa vyakula vyote.
6. Tangawizi na manjano ni viungo vizuri vya mchuzi. Vimeonekana kupunguza kidogo maumivu ya magoti kwa watu wengine. Anayekuuzia chupa akisema huponya kila kitu, mwache apite.

MWILI UNAOTEMBEA HAUSHIKI KUTU

Mtu mwenye goti bovu hufikiri dawa ni kukaa. Sivyo. Msuli wa paja ukiwa na nguvu, goti hupumzika. Kaa kitini, nyosha mguu mmoja, hesabu mpaka tano, shusha. Fanya mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Wazee watembee nusu saa kwa siku, siku tano kwa juma.

Kwa mwenye uzito mkubwa, kila kilo moja inayopungua huondolea goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Hesabu hatua zako za siku moja!

Kazini, mzigo mzito ubebwe na watu wawili. Kunja magoti, weka mzigo karibu na tumbo, usijipinde kiuno. Kapita anayelazimisha mtu mmoja kubeba mzigo wa wawili anapoteza mfanyakazi wa miaka ishirini ijayo.

Umeteguka leo? Pumzika, weka kitambaa cha maji baridi robo saa, inua mguu. Maumivu ya zamani yanayokaza asubuhi hupenda kitambaa cha maji ya moto ya kiasi.

VIDONGE VYA SOKONI

Hapa, ndugu, tusikilizane. Wengi hununua vidonge vya maumivu kwa wachuuzi na kuvimeza kila asubuhi kabla ya kushuka shimoni. Vidonge kama diklofenaki na ibuprofeni huzima maumivu, lakini huondoa pia kinga ya tumbo na hubana damu ya figo. Anayetoka jasho jingi bila kunywa maji yumo hatarini zaidi. Anaweza kutapika damu, au figo zikasimama.

Vile vya deksametazoni na prednisoloni ni vikali zaidi. Mtu huona nguvu imerudi na uso umenenepa, akashukuru. Kumbe mifupa inalainika, sukari inapanda, na kifua kikuu kinapata njia. Aliyevimeza muda mrefu asiache ghafula. Aende kwa mganga wa hospitali, ampunguzie polepole.

Tena, usikubali kuchanjwa kwa wembe uliotumiwa na mwingine mahali panapouma. Wembe mmoja huweza kuhamisha ugonjwa wa ini na ukimwi.

KIMBIA HOSPITALI UKIONA HAYA

- Kiungo kimoja kimevimba ghafula, cha moto, pamoja na homa.
- Kikohozi kimepita majuma mawili, au unatema damu.
- Choo cheusi kama lami baada ya kutumia vidonge.
- Maumivu ya mgongo na miguu kufa ganzi, au kushindwa kuzuia mkojo.
- Mtoto anayevimba mikono na miguu mara kwa mara na kulia kwa maumivu: apimwe damu, huenda ni ugonjwa wa seli mundu.

Si kila mmoja wetu ana kituo cha afya karibu, na vita mara nyingi vimefunga njia za Masisi na Walikale. Kwa sababu hiyo hasa yafaa kuanza na yale yaliyo mikononi mwetu: maji juu ya mwamba, mboga sahanini, moshi nje ya nyumba, usingizi wa kutosha.

Bati na koltani havina haraka, vimekaa ardhini tangu zamani. Magoti yako ni mawili tu. Yatunze leo, ili siku ya kuacha kazi uende shambani kwa miguu yako, ukimshika mjukuu mkono.

USALAMA KAZINI, AFYA NYUMBANI!