Je, Wajua? Presha Inayotoka Juu ya Figo

Je, wajua kuwa presha inaweza kusababishwa na kiungo chenye uzito wa gramu nne au tano tu? Juu ya kila figo imekaa tezi ya adrenali. Mojawapo ya homoni zake ni aldosteroni, inayoziamuru figo zibakize chumvi mwilini na kutoa potasiamu kwenye mkojo. Tezi ikiimwaga bila kuagizwa, chumvi hubaki, maji huifuata chumvi, na presha hupanda. Inakadiriwa kuwa kati ya kila watu 100 wenye presha, 5 hadi 10 wana ugonjwa huu. Kwa wale ambao presha yao haishuki hata wakimeza dawa za aina tatu, idadi hukaribia 20. Wengi wao hawajawahi kuambiwa.

Je, wajua kuwa ugonjwa huu uligunduliwa na mtu aliyekuwa akichunguza jasho? Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan alitafiti jinsi mwili wa mtu anayefanya kazi kwenye joto kali unavyojifunza kuzuia chumvi isipotee kwa jasho. Mwaka 1954 akapokea mgonjwa, mwanamke wa miaka 34, mwenye presha, misuli inayokakamaa na miguu inayolegea mara kwa mara. Potasiamu yake ilikuwa chini mno. Conn akapima jasho lake na kukuta chumvi kidogo kupita kawaida, kana kwamba mwanamke huyo anaishi jangwani. Akashuku homoni. Desemba mwaka huohuo mgonjwa akapasuliwa. Mpango ulikuwa kuondoa tezi zote mbili, lakini daktari wa upasuaji akakuta uvimbe kwenye tezi moja, akautoa huo. Mwanamke akapona.

Baadaye Conn alidai kwamba wenye presha ya aina hii ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Wenzake walimbeza kwa miaka mingi, kwa sababu walikuwa wakiwapima tu wale ambao potasiamu yao imeshuka, na leo inajulikana kuwa wagonjwa wengi wana potasiamu ya kawaida kabisa. Ni mwaka 1981 ndipo madaktari wa Japani walipoonyesha kuwa mtu anaweza kupimwa kwa damu ya mkononi tu, kwa kulinganisha aldosteroni na renini, kiagizo chake cha kawaida kitokacho kwenye figo.

Je, wajua kuwa kujua una ugonjwa ni nusu tu ya kazi? Swali gumu ni hili: inayokosea ni tezi ya kulia, ya kushoto, au zote mbili? Ikiwa ni moja, huondolewa kwa upasuaji, na inayobaki inatosha kuendesha mwili. Ikiwa ni zote, hakuna ya kuondolewa. Mgonjwa hupewa spironolaktoni, dawa ya zamani inayofanya kazi vizuri, ingawa wanaume wengine huota matiti wakiitumia.

Mtu atauliza, si apigwe picha ya CT tu? Hapo ndipo mtego ulipo. Kadiri umri unavyosonga, tezi za adrenali huota vinundu visivyo na madhara yoyote, navyo huonekana vizuri sana kwenye picha. Wakati huohuo, kinundu chenye kumwaga homoni kinaweza kuwa kidogo kiasi cha kutoonekana kabisa. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2009, uliokusanya taarifa za wagonjwa 950, ulikuta kuwa picha na vipimo vya damu iliyochotwa kwenye tezi zenyewe vilipishana kwa wagonjwa 359. Kwa kufuata picha peke yake, wapo ambao wangeondolewa tezi isiyo na kosa, na wapo ambao wangenyimwa upasuaji unaowafaa.

Je, wajua kuwa mgonjwa huwa macho muda wote damu ikichotwa kwenye tezi? Anadungwa ganzi kwenye kinena, kisha katheta, mrija mwembamba ambao si ule mpira wa mkojo wa wodini, huingizwa kwenye vena ya paja na kupandishwa hadi usawa wa figo huku daktari akiitazama kwa eksirei. Mishipa yenyewe haina maumivu ikipitiwa. Dawa kidogo inayoonekana kwenye eksirei hudungwa kuhakikisha mahali. Ikidungwa kwa nguvu, kimshipa cha tezi kinaweza kupasuka, ajali ambayo kwa mikono yenye uzoefu hutokea kwa chini ya mgonjwa mmoja kati ya 100. Damu nayo haifai kuvutwa kwa pupa, maana kimshipa hujifunga. Mara nyingi huachwa idondoke yenyewe. Halafu kila chupa hubandikwa lebo, na hapa hapana mzaha: chupa ya kulia ikiandikwa kushoto, mgonjwa atatolewa tezi nzima na kubakiziwa mbovu.

Upande wa kushoto una huruma. Vena ya tezi hiyo humwaga damu kwenye vena ya figo, njia ndefu na rahisi kuifuata. Upande wa kulia ndio unaowatoa madaktari jasho: vena ni fupi, mara nyingi haifiki hata sentimita moja, na huingia moja kwa moja kwenye vena kuu ya tumboni, jirani na vijivena vya ini vinavyofanana nayo. Ndiyo maana kazi hii huachiwa watu wachache wanaoifanya kila mara. Katika Mayo Clinic ya Marekani, taarifa ya mwaka 2004 ilionyesha kuwa tezi zote mbili zilifikiwa kwa wagonjwa 194 kati ya 203. Mahali ambapo kipimo hufanywa mara chache kwa mwaka, matokeo huwa mabaya zaidi.

Je, wajua jinsi daktari anavyojua kuwa kweli aliingia kwenye tezi? Hupima homoni nyingine, kotisoli, ambayo tezi zote mbili hutoa. Kama kotisoli ya damu iliyochotwa haizidi sana ile ya damu ya kawaida ya mwilini, katheta ilikuwa kwa jirani. Mgonjwa akiwa amepewa dawa ya kuzichochea tezi, wengi hutaka izidi angalau mara tano. Kotisoli ina kazi ya pili pia. Vena ya kushoto huchanganyika na damu itokayo kwenye kiwambo cha kifua, kwa hiyo sampuli yake huwa imezimuliwa. Chukua mfano wa kubuni: kushoto aldosteroni ni 2,000 na kotisoli 200, kulia aldosteroni ni 1,200 na kotisoli 600. Kwa kutazama aldosteroni peke yake, tofauti haifiki hata mara mbili. Gawanya kila aldosteroni kwa kotisoli yake: kushoto 10, kulia 2. Tofauti ni mara tano, na kipimo kinachotumiwa sana ni mara nne. Tezi ya kushoto ndiyo yenye kosa. Kwangu mimi hesabu hii ya darasa la tano inapendeza kuliko mashine zote zilizomo chumbani.

Je, wajua kuwa katheta ya kwanza kufika kwenye moyo wa mtu aliye hai, kwa kumbukumbu tulizonazo, ilitengenezwa kwa ajili ya njia ya mkojo? Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijiingiza mrija huo kwenye vena ya mkono wake mwenyewe, akatembea hadi chumba cha eksirei apigwe picha. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1956. Miaka mitatu kabla yake, Msweden Sven-Ivar Seldinger alichapisha njia ya sindano, waya, kisha mrija juu ya waya, nayo ndiyo inayotumika hadi leo.

Je, wajua kuwa kwa uvimbe mwingine wa tezi hizihizi, ule unaomwaga adrenalini, katheta huepukwa? Kuugusa kunaweza kurusha presha ghafla hadi kuhatarisha maisha. Damu au mkojo hutosha.

Na akishapasuliwa, mgonjwa hupona? Utafiti wa kimataifa wa mwaka 2017, uliofuatilia wagonjwa 705, ulikuta homoni na potasiamu zimerudi sawa kwa asilimia 94. Presha iliyoisha kabisa bila dawa ilikuwa kwa asilimia 37, na wengine asilimia 47 walipata nafuu, yaani presha ilishuka au vidonge vikapungua. Vijana na wanawake ndio waliobahatika zaidi. Presha iliyokaa miaka mingi huwa imeshaikomaza mishipa.