Kiungo cha kulipiwa hakipandi mzani

MFANYABIASHARA wa iliki wa Muheza anayetaka kuuza nje ya nchi siku hizi hujikuta akinunua viungo mara mbili. Mara ya kwanza hupanda hadi vijiji vya Amani kununua iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga kwa wakulima. Mara ya pili hufuatwa na dalali wa intaneti anayemwambia kuwa tovuti yake haionekani kwa sababu haina "viungo" vya kutosha, na kwamba kwa malipo fulani atatafutiwa viungo mia moja kabla ya mwisho wa mwezi.

Lugha imewapa madalali hao bahati, kwani neno ni moja kwa bidhaa mbili. Tofauti ni kwamba kwenye gunia la iliki mnunuzi huingiza mkono mpaka chini, akatoa punje chache, akazipasua na kuzinusa. Kwenye viungo vya intaneti wengi hulipa bila kuingiza mkono. Ndani ya kila kiungo mwenye ukurasa anaweza kuweka alama ndogo isiyoonekana kwa msomaji, na alama hiyo ndiyo inayoamua kwa kiasi kikubwa kama kiungo kitaisaidia tovuti kupanda katika orodha ya Google au kitabaki pambo.

Ni vyema kwanza ikaeleweka kiungo chenyewe ni nini. Ni maandishi au picha ambayo msomaji akiibofya hupelekwa kwenye ukurasa mwingine. Mitambo ya kutafuta ya miaka ya tisini ilitegemea zaidi maneno yaliyomo ndani ya ukurasa, hivyo aliyerudia neno "iliki" mara nyingi kuliko wenzake alikuwa na nafasi nzuri ya kutokea juu. Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walibuni hesabu iitwayo PageRank, na Septemba 1998 wakaandikisha kampuni ya Google.

Hesabu hiyo haina ugeni kwa mtu aliyewahi kuchukua mali kauli. Mwenye duka la jumla hampi mtu mzigo bila fedha kwa sababu mtu huyo amejisifu. Humpa kwa sababu mfanyabiashara mwingine anayeaminika amesema "huyu namjua". Google ilikihesabu kila kiungo kuwa kauli ya namna hiyo, na kauli ya tovuti nzito ikawa na uzito kuliko ya tovuti isiyojulikana.

Aidha, uzito wa ukurasa hugawanywa kwa viungo vyote vilivyomo. Ukurasa wenye viungo kumi hutoa mafungu kumi. Wenye viungo mia tano hutoa mafungu mia tano, na kila fungu huwa vumbi. Hilo peke yake latosha kumpunguzia mtu hamu ya zile orodha za makampuni ambazo jina lake huwekwa katikati ya majina mia nne mengine.

Alama tatu

Kauli ikishakuwa na thamani, haikawii kuuzwa. Watu walianza kubandika anwani za tovuti zao kila mahali palipokuwa na nafasi ya mgeni kuandika chochote. Januari 2005, Google, Yahoo na MSN zilikubaliana kutumia alama iitwayo "nofollow". Mwenye ukurasa akiiweka, huwa anauambia mtambo kwamba njia ameionyesha lakini udhamini hatoi. Kwa msomaji kiungo kinabaki kilekile, kina rangi ileile na kikibofywa kinafunguka. Alama imejificha katika msimbo wa ukurasa. Wikipedia ya Kiingereza imeiweka kwenye viungo vyake vyote vya nje tangu Januari 2007, na mitandao mikubwa ya kijamii nayo kwa kawaida huiweka. Dalali anayetoza bei kubwa kwa "kiungo cha Wikipedia" anauza gunia ambalo halitapandishwa kwenye mzani.

Septemba 10, 2019 Google iliongeza alama mbili. Ya kwanza ni "sponsored", kwa viungo vilivyolipiwa, na ya pili ni "ugc", kwa viungo vilivyoandikwa na wageni wa tovuti badala ya mwenye tovuti. Siku hiyohiyo kampuni ilitangaza kuwa alama zote tatu zingechukuliwa kama dokezo na si amri. Kwa upande wa kupanga orodha, utaratibu huo ulianza papo hapo. Kwa upande wa kuzitembelea kurasa na kuziweka katika kumbukumbu, ulianza Machi 1, 2020.

Neno "dokezo" limekuwa mtaji wa madalali. Husema kwamba kiungo chenye alama nacho huhesabiwa, kwa hiyo mteja asihofu. Ukweli ni kwamba Google imejiachia hiari ya kukihesabu au kukiacha. Hiari hiyo ni ya Google peke yake, na dalali hawezi kuiuza kama vile ni yake.

Kuna pia udanganyifu wa zamani kidogo. Miaka ya nyuma wenye tovuti waliweka "nofollow" kwenye baadhi ya viungo vyao ili uzito wote uende kwenye vichache wanavyovipenda. Matt Cutts, aliyekuwa mhandisi wa Google, alieleza mwaka 2009 kuwa njia hiyo ilikwishafungwa. Ukurasa ukiwa na pointi kumi na viungo kumi, na vitano vikawekewa alama, vitano vilivyobaki hupata pointi moja moja na si mbili mbili. Zile tano nyingine hupotea hewani. Anayeuza huduma hiyo leo anauza mzigo uliooza zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Ukiangalia msimbo unaweza pia kukutana na "noopener" na "noreferrer". Hizo zisimtishe mtu. Ya kwanza ni ya usalama, ya pili huficha mgeni ametoka tovuti ipi, na hazigusi nafasi katika orodha.

Waliolipa wakaanguka

Kama alama hupunguza nguvu ya kiungo, mfanyabiashara atauliza kwa nini asilipie kiungo kisicho na alama. Wakubwa wamejaribu. Duka la Marekani JC Penney lilikuwa likitokea la kwanza kwa bidhaa nyingi katika msimu wa Krismasi wa 2010. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kuwa maelfu ya viungo vilikuwa vimewekwa kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na biashara yake. Duka hilo lilikana kuhusika, lakini kwa masanduku ya safari ya Samsonite lilikuwa nambari 1 saa moja jioni, na baada ya saa mbili lilikuwa nambari 71.

Februari 2013 ikawa zamu ya wauza maua Interflora wa Uingereza. Walitoweka katika Google hata mtu alipoandika jina la kampuni yao, muda mfupi baada ya siku ya wapendanao na wiki chache kabla ya sikukuu ya akina mama nchini humo. Wachunguzi wa biashara hiyo walihusisha anguko hilo na makala za kulipiwa katika magazeti ya mikoani, zenye viungo visivyo na alama. Google haikuitaja kampuni, lakini siku hizohizo ilitoa onyo kwa wanaouza viungo. Interflora ilirejea kabla ya wiki mbili kwisha. Kwa kampuni kubwa hiyo ni aibu ya kupita. Kwa mwenye nyumba ya wageni yenye vyumba sita Lushoto, wiki mbili za Desemba bila kuonekana ni mwaka mzima.

Hata hivyo, adhabu za wazi kama hizo si hatari kubwa kwa mtu wa mtaji mdogo. Aprili 2012 Google ilianzisha utaratibu ulioitwa Penguin, uliozishusha tovuti zenye viungo vya hila. Kuanzia Septemba 2016 utaratibu huo ulibadilika, ukawa unapuuza viungo vibaya zaidi ya kuishusha tovuti nzima, na Desemba 2022 uwezo wa kuvitambua vilivyonunuliwa uliongezwa tena. Matokeo yake ni kwamba kiungo kilicholipiwa kinaweza kufanywa sifuri kimyakimya. Mnunuzi haandikiwi barua. Tovuti haipandi wala haishuki, naye kila mwezi anaendelea kulipa akiambiwa "Google inachukua muda".

Thamani ya viungo kwa jumla nayo imepungua. Mwaka 2023 Gary Illyes wa Google alisema haamini kuwa viungo vimo katika mambo matatu ya juu yanayopanga orodha, na Machi 2024 kampuni iliondoa neno "muhimu" katika maelezo yake kuhusu viungo. Bado vinahesabiwa, ila bei za madalali hazijasikia habari hizo.

Nani wa Muheza anahusika

Si kila mtu. Mwuza machungwa anayepakia lori kwenda Dar es Salaam au Nairobi katika msimu mkubwa wa katikati ya mwaka hahitaji lolote katika haya. Simu yake na mtu wake sokoni vinamtosha, na machungwa hayangoji Google. Wanaohusika ni wauzaji wa iliki na pilipili manga wanaotafuta mnunuzi wa Ulaya au Ghuba asiyewajua, pamoja na wenye nyumba za wageni na waongoza watalii wa Lushoto na Amani.

Hao wana kitu cha kusemea kuliko wanavyodhani. Amani ina bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa 1997, na watafiti wa mimea na ndege huiandikia kila mara. Iliki ya Usambara hukua chini ya kivuli cha miti mikubwa. Muuzaji anayeweka katika tovuti yake picha za shamba, miezi ya kuchuma, namna ya kukausha na cheti alichonacho ana ukurasa ambao mtu mwingine anaweza kuutaja bila kulipwa. Chama cha wafanyabiashara au mnunuzi wa zamani akiwa na ukurasa wa kutaja wenzake, kuomba kutajwa humo hakuvunji kanuni.

Wala kiungo chenye alama si cha kutupwa. Makala ya kulipiwa katika gazeti linalosomwa na waagizaji wa vyakula Hamburg au Dubai inaweza kuleta oda hata ikiwa na "sponsored". Hapo kinachonunuliwa ni tangazo, na bei yake ilingane na idadi ya wasomaji, si na ahadi ya kupanda Google.

Anayetaka kununua hisa katika kampuni inayojivunia kuwa "ya kwanza Google" aombe kufunguliwa Search Console ya kampuni hiyo. Ni huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti, na ina ukurasa unaoonyesha kama kuna adhabu iliyotolewa na wakaguzi. Orodha ya viungo iliyomo humo isimpumbaze, kwani huchanganya vyenye alama na visivyo nayo.

Kwa aliyekwisha kumlipa dalali nusu ya fedha, kukagua hakuchukui dakika tano. Adai anwani za kurasa zote alikowekwa, azifungue kwenye kompyuta, abofye kiungo kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua sehemu ya kukagua. Msimbo utafunguka pembeni. Hapo atafute neno "rel" na asome kilichofuata, kabla ya kutoa nusu iliyobaki.