Mwalimu Anapofariki Karagwe na Kyerwa

Mwalimu akifariki Kayanga au Nkwenda, msiba hauwi wa ukoo peke yake. Majirani huacha jembe. Vijana hutafuta kuni na kukata ndizi za kupikia waombolezaji, na wanaume huketi kuzunguka moto uani wakilala matanga. Walimu wenzake hufika na daftari la michango, kisha hugawana kazi: huyu jeneza, yule usafiri, mwingine kuandika wasifu wa marehemu.

Kumheshimu bingwa wa kazi si jambo geni kwa Wanyambo, wenyeji wa eneo hili. Huko Bweranyange, makao ya watawala wa Karagwe, ufundi wa chuma uliambatana na ufalme wenyewe. Mtawala Ndagara anakumbukwa kuwa mhunzi hodari, na sanamu za ng'ombe za chuma zilikuwa miongoni mwa hazina za kifalme. Ng'ambo ya mto Kagera, nchini Rwanda, kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilipochimbuliwa, vifaa vya mhunzi vilikutwa karibu na kichwa chake.

Leo kazi ya mwalimu marehemu hutajwa kwa sauti, kibanjani, kaburi likiwa limechimbwa kando ya migomba. Wasifu husomwa: alikozaliwa, mwaka alioajiriwa, shule alizofundisha. Walimu wengine walianza kazi kabla ya Kyerwa kumegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, hivyo wanafunzi wao wa zamani hutoka wilaya zote mbili. Mwakilishi wa walimu hutoa salamu, rambirambi hutangazwa, na walimu wenzake hushika jeneza.

Lakini heshima iliyo nzito zaidi huja baada ya mazishi.

Mjane anahitaji cheti cha kifo. Ukoo unahitaji kukaa kikao na kupendekeza msimamizi wa mirathi, kisha mahakama imthibitishe. Ikiwa marehemu alikuwa mtumishi wa umma, madai ya mafao hupelekwa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii kwa watumishi wa umma ulioanzishwa mwaka 2018. Fomu hizo humchosha mtu aliyefiwa, hasa akiwa hajazoea ofisi. Mwalimu mwenzake anayezijua taratibu, akimsindikiza hadi madai yapokelewe, humfanyia marehemu jambo ambalo risala haiwezi kulifanya. Ndiyo maana inafaa kamati ya msiba imteue mtu huyo kabla ya kuanua matanga, wakati ndugu na walimu wangali pamoja.