Boti ya uvuvi iliyozeeka: rangi mpya isimdanganye mnunuzi

Pembeni ya Ziwa Tanganyika, kuanzia Uvira na Baraka hadi Kalemie na Moba, boti ya uvuvi iliyokwisha kutumika huuzwa mara nyingi kwa bei moja inayotajwa mdomoni: mbao, motere, nyavu na taa, vyote pamoja. Mnunuzi anaizunguka mara mbili, anaona rangi inang'aa, motere inawashwa, inalia, na mapatano yanaanza. Hapo ndipo pesa za likelemba ao za kukopa zinaweza kuzama kabla ya boti yenyewe.

Mwenye macho huvunja bei hiyo vipande. Mbao zina bei yake, motere ina yake, nyavu na taa vilevile. Kwa kawaida kimoja kizuri ndicho kinauzisha kingine kibovu.

Kazi ya kwanza ni kuomba boti itolewe majini na kulazwa ubavu, ikiwa tupu. Muuzaji akikataa, amekwisha kujibu.

Wengi hukimbilia kutazama chini kabisa, wakifikiri maji ya ziwa ndiyo yanaozesha. Lakini mbao inayokaa ndani ya maji muda wote hudumu. Inayooza mbio ni ile inayolowa na kukauka kila siku: kwenye mstari wa maji, chini ya viti, pale mbavu zinapokutana na mbao za pembeni, na nyuma motere inapofungwa. Maji ya mvua hulala katika sehemu hizo. Kisu chembamba kinatosha kuzipima. Mbao nzima hukataa ncha. Iliyooza huipokea kama muhogo uliochemshwa. Lami nzito ao rangi mbichi sehemu moja tu ya boti ni sababu ya kuchoma kisu hapo hapo.

Misumari nayo itazamwe. Weusi unaozunguka kichwa cha msumari unaonyesha kwamba kutu imekula chuma, na mbao imeanza kufa pembeni yake. Penye misumari mipya iliyopigiliwa karibu na ya zamani, tena na tena, mbao haishiki tena na itabidi ibadilishwe. Aina ya mti ina uzito wake pia: boti ya libuyu na ile ya mikalitusi haziwezi kuwa na bei moja, hata zikilingana urefu.

Kuhusu kuvuja, haraka haifai. Boti iliyokaa nchi kavu wiki kadhaa itavuja siku ya kwanza hata kama ni nzima, kwa kuwa mbao zimesinyaa. Zikinywa maji zinavimba na kufunga. Wauzaji wanalijua jambo hilo, na wengine hulifanya kisingizio. Basi iachwe majini siku mbili ao tatu, jioni maji yote yachotwe, na mnunuzi arudi alfajiri kabla mtu hajaingia na kopo. Maji atakayoyakuta ndiyo wavuvi watayachota usiku kucha, katikati ya ziwa, wakati mawimbi yakiongeza mengine.

Asimame pia nyuma ya boti na kufuata kingo zake kwa jicho. Boti iliyobebeshwa simenti na magunia miaka mingi hupinda mgongo, na fundi hawezi kuinyoosha kwa misumari.

Motere ikutwe baridi. Kama kifuniko tayari kina joto, kuna mtu aliyetangulia kuibembeleza. Ikiwaka, kijimaji cha kupoza kiruke kwa nguvu. Mafuta ya gia yakitoka meupe kama maziwa, maji yameingia. Numero iliyokwanguliwa ni shida nyingine kabisa: motere ya kuibiwa hurudi kwa mwenyewe, pesa hazirudi. Na ijaribiwe ziwani saa nzima, watu wakiwa ndani; dakika tano ufukoni hazionyeshi kitu.

Swali la nani anauza huachwa mwisho, na ndilo linalopeleka watu mbele ya tribinali. Boti ya marehemu inaweza kuwa na wajane na watoto ambao hawakuulizwa. Mkubwa wa familia akiuza peke yake, mnunuzi anaweza kuamkia wadogo zake wamefunga boti kwa mnyororo. Karatasi za boti zihakikishwe kwenye ofisi ya komiseria ya ziwa, na mauzo yaandikwe mbele ya familia na kamati ya wavuvi wa hapo.

Ndipo bei ihesabiwe. Fundi wa hapo aulizwe boti mpya ya kipimo hicho ingegharimu kiasi gani, mbao peke yake. Chukua mfano wa dola 1,000. Ikiwa mbao za kubadilisha, misumari, pamba na mikono ya fundi ni dola 350, zinabaki 650, na hata hizo ni za mbao ambazo zimekwisha kuzeeka. Atakayelipa zaidi ya 400 ao 450 ananunua jina la boti. Matengenezo yakipita nusu ya bei ya mpya, afadhali kujengesha.

Na asihesabu usiku 30 kwa mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazivuti ndakala vizuri. Tena nchi nne za ziwa zilikubaliana kulipumzisha kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Anayenunua Aprili kwa pesa ya kukopa atalipa deni miezi mitatu bila samaki. Lakini mwenye pesa yake mkononi hupata bei nzuri wakati huo, kwani wenye boti wana njaa.

Njia inayolinda pande zote mbili ni kulipa sehemu mbele ya mashahidi, boti ikavue usiku mbili na fundi wa mnunuzi akiwa ndani, kisha kumaliza deni ao kurudishiana, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi.