Kabla ya Kulaumu Saketi

Amani, juu ya Muheza, hupata mvua ya takriban milimita 1,900 kwa mwaka, na ukungu wa Usambara Mashariki hauhitaji hodi kuingia ndani ya redio. Ndiyo maana ninashikilia kwamba redio nyingi zinazoitwa mbovu huko saketi zake ni nzima; tatizo liko pale chuma kinapogusana na chuma. Fungua kifuniko cha nyuma utazame mahali pa mawe. Kopo la betri ya kawaida ni zinki, na zinki hiyohiyo ndiyo inayoliwa ili umeme upatikane. Likitoboka, majimaji huvuja, hukauka yakawa unga mweupe, na springi hushika kutu. Kuanika mawe juani huyapa nguvu ya muda tu. Zinki iliyoliwa hairudi. Kwangua unga huo, sugua springi kwa msasa laini mpaka ing'ae, pangusa kwa spiriti, iache ikauke. Ikiwa imekatika, springi ya tochi iliyokufa inafaa kabisa.

Antena nayo ikivunjika, watu huilaumu redio nzima. Wimbi la FM la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na robo yake ni sentimita 75: waya wa urefu huo, ukikazwa vizuri kwenye kisiki cha antena, unatosha. Masafa ya kati yakisikika vizuri huku FM ikikwaruza, shuku antena, au mlima uliokukinga, kwani masafa ya kati hupokewa na kijiti cheusi cha feraiti kilichomo ndani.

Wapo watakaosema simu ina redio. Nyingine zinayo, ila simu inayoimba kutwa huzima jioni, wakati mtu anataka kupiga. Hoja nzito ni ya mafundi: asiyejua akipekua ataua hata kizima. Nakubali, kwa sharti la kuweka mpaka. Redio ya kuchomeka ukutani ichomolewe kwanza, na upande wa umeme huo aachiwe fundi. Usiikaushe kando ya jiko. Nta inayoshikilia koili itayeyuka na stesheni zitahama. Na vile visanduku vya bati vyenye skrubu nyekundu, njano, nyeupe na nyeusi, vinavyowasha mikono ya kila mdadisi, havikazwi wala havilegezwi: vimepimwa kiwandani, na bisibisi ya nyumbani haina kipimo hicho.