Mpiga Picha wa Kujitegemea: Pesa Yako Inapotelea Wapi Kati ya Kamera na Simu?

Harusi ikiisha Jumamosi jioni, mwenye hema ashalipwa. Mpishi ashalipwa. DJ naye alikataa kuwasha spika kabla ya kuona ujumbe kwa simu yake. Anayebaki akiambiwa "tutamalizana kesho, boss" mara nyingi ni mpiga picha. Sababu ni rahisi: wageni wakienda nyumbani, kazi yake bado iko nusu. Kuna picha za kuchagua, za kusafisha, kuna albamu ya kuchapisha. Na kamati ya harusi ikishavunjwa, kupata mtu wa kushika simu ni kazi nyingine.

Tunahudumia wapiga picha wengi, kuanzia wale wanaopiga pasipoti mtaani hadi wale wanaosafiri kaunti tano kwa mwezi. Maswali wanayotuletea yanafanana: Nilipishe vipi? Je, mteja akikataa kumaliza deni? Hizi picha za kuuza mtandaoni zinalipa kweli? Leo tumeyaweka pamoja.

Tuanze na hesabu

Tuseme umekubaliana harusi kwa KSh 60,000, nusu kabla na nusu baada. Huu ni mfano tu, bei yako unaijua wewe. Toa msaidizi wa kamera ya pili 8,000, kukodi lenzi 3,000, usafiri na chakula 3,500, albamu 12,000, na flashi disk pamoja na bando la kupakia picha 1,500. Jumla ya gharama ni 28,000. Unabaki na 32,000.

Sasa hesabu siku. Moja ya kukutana na maharusi, moja ya harusi yenyewe, nne za kuhariri. Siku sita. Ni kama 5,300 kwa siku, na hapo hujaweka kando hata shilingi ya kununua kamera nyingine hii ikichoka.

Mteja asipolipa ile nusu ya pili, umepokea 30,000 na umetumia 28,000. Siku sita za kazi kwa 2,000. Hii ndiyo sababu tunasema swali la "nitalipwa lini" ni kubwa kuliko swali la "nitalipwa ngapi".

Gawa malipo mara tatu

Badala ya nusu kwa nusu, wapiga picha wenye uzoefu hugawa hivi: asilimia 50 ya kushika tarehe, asilimia 40 wiki moja kabla ya harusi, na asilimia 10 wakati wa kukabidhi. Kwa mfano wetu ni 30,000, kisha 24,000, kisha 6,000. Siku ya harusi ikifika, gharama zako zote zimelipwa na jasho lako pia limeguswa.

Mambo matatu yatakusaidia hapa:

Kwanza, tarehe haishikwi kwa maneno. Mteja akikwambia "tuwekee tarehe 12, tuko pamoja", mjibu kwa heshima kwamba tarehe itaandikwa malipo ya kwanza yakiingia. Desemba na Agosti, wakati shule zimefungwa, Jumamosi moja inaweza kuulizwa na watu watano.

Pili, albamu isichapishwe kabla deni halijaisha. Mwonyeshe mteja picha ndogo zenye alama yako juu, achague anazotaka. Akimaliza kulipa, ndipo unapeleka kazi kwa mchapishaji. Ukifanya hivyo kwenye ule mfano wa kwanza, hata akitoroka hujapoteza zile 12,000 za albamu.

Tatu, pokea pesa za kazi kwa nambari ya biashara, kama Till, badala ya laini yako ya kawaida. Pesa ya kazi ikichanganyika na ya chama, ya kodi ya nyumba na ya mama aliyetumiwa dawa, mwisho wa mwezi hutajua kama harusi nne zimekuacha na faida au na uchovu tu. Nambari ya biashara pia inakupa rekodi safi ukienda kuomba mkopo wa kununua lenzi.

Na kama kazi ni kubwa, kumbuka viwango. Tangu Agosti 2023, mtumiaji wa M-Pesa anaweza kutuma hadi KSh 250,000 kwa muamala mmoja na hadi 500,000 kwa siku. Kamati ikikwambia "simu imekataa hiyo pesa", unajua pa kuanzia kuuliza.

Je, picha za kuuza mtandaoni?

Wengi huanza hapa kwa sababu hakuna mteja wa kusumbua. Unapiga picha, unapakia kwenye tovuti kama Shutterstock au Adobe Stock, na mtu Ujerumani akiihitaji kwa tangazo lake analipia haki ya kuitumia. Picha moja inaweza kuuzwa mara nyingi. Hiyo ni kweli. Lakini ijue hesabu yake.

Adobe Stock humpa mpiga picha asilimia 33 ya mauzo ya picha, na huwezi kutoa pesa hadi ufikishe dola 25. Shutterstock, tangu Juni 2020, huanzia asilimia 15 na kupanda hadi 40 kulingana na mauzo yako, halafu kila Januari kila mtu anarudi chini kuanza upya. Picha moja huko inaweza kukuingizia senti 10 za dola. Ukiuza kwa senti 10, dola 25 ni picha 250.

Kuna jambo lingine ambalo huwashtua wengi. Mnunuzi akiwa Marekani, serikali ya huko hukata kodi kwenye mapato yako kabla hayajakufikia. Kuna fomu ya W-8BEN ambayo tovuti itakuomba ujaze. Watu wa nchi zenye mkataba wa kodi na Marekani hupunguziwa, lakini Kenya haina mkataba huo, kwa hivyo kata ni asilimia 30 ya mauzo ya Marekani. Usidhani umeibiwa ukiiona.

Malipo huja kupitia huduma kama PayPal, na tangu 2018 unaweza kutoa pesa ya PayPal hadi kwa M-Pesa. Kabla ya kutoa, angalia kiwango cha kubadilisha dola na ada. Ukitoa dola 10 mara tano, mara nyingi unaumia kuliko kutoa 50 mara moja.

Kinachouzika ni nini? Machweo yamejaa huko. Kinachotafutwa ni maisha ya kawaida yaliyopigwa vizuri: mama mboga akipokea malipo kwa simu, fundi akichomea geti, wanafunzi maabarani, mkulima akikagua mahindi. Lakini mtu yeyote anayetambulika usoni lazima atie sahihi fomu ya kukubali picha yake itumike kibiashara, na mtoto atiliwe sahihi na mzazi. Nembo za kampuni nazo lazima zifutwe. Ile matatu yenye michoro ya wachezaji na nembo za viatu itakubaliwa kwa habari tu, si kwa matangazo.

Kwa ufupi, pesa hii huja polepole. Ichukue kama shamba la miti wala si sukuma wiki ya kuchuma kila wiki. Harusi ndiyo italipa kodi ya nyumba ya mwezi huu.

Picha ni ya nani?

Hapa wengi hukosea. Watu huamini kwamba aliyebonyeza kamera ndiye mwenye hakimiliki siku zote. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema hivyo kwa kazi uliyojipigia mwenyewe. Lakini kazi ikiagizwa na mtu, kama harusi, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine.

Maana yake ni kwamba bila mkataba, huna uhakika wa kutumia picha za maharusi kwenye ukurasa wako kutafuta wateja wengine, sembuse kuziuza mtandaoni. Sentensi mbili kwenye mkataba zinatosha: nani anabaki na hakimiliki, na wewe unaruhusiwa kuzitumia wapi. Kazi zako mwenyewe unaweza kuzisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ili ziwe na ushahidi.

Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya KSh 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Wakati huo huo shule moja ilitozwa 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mpiga picha anayeweka picha za wageni wa harusi ovyo yuko kwenye njia hiyo hiyo. Mtu akikuomba ushushe picha yake, ishushe.

Kuna mahali hili si suala la sheria pekee. Pwani, sherehe ya kupamba bibi harusi ni ya wanawake tu, na mara nyingi hata simu haziruhusiwi kuingia. Mpiga picha wa hapo ni mwanamke anayeaminika, na picha zile hukabidhiwa familia zikaishia hapo. Wapiga picha wa kike wa Mombasa na Malindi wamejijengea soko zuri kwa uaminifu huo. Picha moja ikivuja, jina limekwisha.

Wasikuchezee kwa ujumbe

Siku ya kukabidhi ndiyo siku ya wajanja. Angalia haya:

Ujumbe feki. Mtu anakuonyesha kwa simu yake kwamba ashatuma, au unapokea ujumbe unaofanana na wa malipo lakini umetoka kwa nambari ya mtu. Usitoe albamu kwa kusoma ujumbe. Angalia salio lako mwenyewe, hata kama mteja amesimama hapo akisema ana haraka.

"Nimekutumia zaidi kimakosa." Mtu anakuagiza kazi, anadai ametuma ziada, anaomba urudishe kwa nambari nyingine. Usirudishe kwa nambari tofauti na iliyotuma. Mwambie afuate njia rasmi ya kuomba pesa irudishwe.

Kuomba pesa irudishwe baada ya kupokea kazi. Aliyetuma anaweza kulalamika kwamba alikosea nambari. Kinga yako ni maandishi: mkataba, ankara, na ujumbe wa mteja akithibitisha amepokea picha. Mwombe akuandikie hata sentensi moja, "tumepokea picha zote, asante". Itunze.

PIN yako. Si ya msaidizi, si ya mchumba, na sisi hatutakupigia kuiuliza.

Miezi mikavu iko, ipangie

Kazi hii ina misimu. Ramadhani harusi za Waislamu husimama, na wakati wa Kwaresima wanandoa wengi Wakatoliki husubiri Pasaka ipite. Januari kila mtu analipa karo. Ukitumia pesa yote ya Desemba Desemba, Februari utauza flashi kwa bei ya hasara.

Kila malipo yakiingia, toa kitu mara hiyo hiyo kwenda akiba, hata asilimia 10. Kwa harusi ya 60,000 ni 6,000. Harusi kumi ni 60,000, na hiyo ni lenzi ya mitumba au betri na memori kadi mpya. Jaza miezi mikavu kwa ruracio, koito na ayie, kwa mahafali, kwa picha za bidhaa za wafanyabiashara wadogo wanaouza mtandaoni. Ukifanyia kampuni kazi, uwe tayari kutoa ankara ya eTIMS, kwa sababu bila hiyo kampuni kwa kawaida haiwezi kudai gharama hiyo kwa KRA, na malipo yako yatakwama kwa mhasibu.

Na tafadhali, usilale siku ya harusi kabla picha hazijawa mahali pawili. Deni la mteja linaweza kulipwa mwezi ujao. Kiapo cha ndoa hakirudiwi kwa sababu kadi imekufa.

Wiki hii, fanya haya manne

1. Andika mkataba wa ukurasa mmoja: tarehe, saa, bei, malipo matatu, hakimiliki, na siku ya kukabidhi.
2. Tenganisha nambari ya kazi na laini ya nyumbani.
3. Orodhesha wateja wote wenye deni lako. Watumie ankara leo, yenye kiasi, tarehe ya mwisho na nambari ya kulipia.
4. Chagua picha 20 ulizojipigia mwenyewe, zenye ruhusa, uanze kuzipakia mtandaoni.

Ukianzia namba tatu, huenda pesa ya kwanza ikaingia kabla ya Ijumaa. Kuna mteja ambaye hajakataa kulipa. Anangoja tu kuambiwa ni ngapi, na atume wapi.