Nyumba Inapotoa Jasho

Kipupwe kinapofika, familia nyingi za nyanda za juu, kama kule Njombe na Makete, huamka na kukuta maji yakitona kutoka kwenye bati, ingawa mvua haikunyesha. Wengi hudhani bati limetoboka. Mara nyingi maji hayo yametoka ndani ya nyumba yenyewe.

Yanatoka wapi?
Tukipumua, tukipika na tukianika nguo ndani, mvuke hujaa hewani. Watu 5 wakilala usiku mzima hutoa zaidi ya lita 1 ya maji. Hewa yenye joto la nyuzi 20 hubeba hadi gramu 17 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ikipoa kufikia nyuzi 10 hubeba gramu 9 tu. Mvuke unaozidi hugeuka maji penye baridi zaidi: kwenye bati, vioo na pembe za ukuta nyuma ya kabati.

Je, dari inatosha?
Dari huzuia baridi. Lakini ikiwa na nyufa, mvuke hupenya, hukutana na bati la baridi na kulowesha mbao bila sisi kuona. Tuzibe nyufa hizo, ila tuache matundu ya hewa pembeni mwa paa, juu ya dari.

Madhara yake
Penye unyevu huota kuvu, yale madoa meusi ukutani. Vumbi lake huamsha pumu na kikohozi, hasa kwa watoto na wazee. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka 2 alifariki Desemba 2020. Mwaka 2022 uchunguzi wa kifo chake ulithibitisha kuwa chanzo kilikuwa kuvu ya nyumbani mwao.

Tufanye nini?
1. Tusizibe matundu ya hewa kwa matambara.
2. Tufungue madirisha kila asubuhi.
3. Nguo zianikwe nje, na sufuria ifunikwe.
4. Kuvu ifutwe kwa maji ya sabuni na ukuta ukaushwe. Kuipaka rangi juu ni kuificha tu.
5. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kuleta joto. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua waliolala.

Mtoto anayepumua kwa shida apelekwe zahanati bila kuchelewa. Mungu ametupa hewa safi bila malipo, tuifungulie dirisha.